Mwaka Tuliomwaga Mrututu Bwawani

Anjela alinipigia simu nikiwa nachambua maharage. "Marselina, tunakuomba utuandikie," akasema. "Kurasa mbili tatu tu, kumbukumbu nzuri za Mkuu wetu wa shule. Siku tutakayokutana sisi wa zamani, bweni jipya linapewa jina lake. Wewe ndiye uliyekuwa na madaftari, sisi wengine tumeshasahau." Anjela alikuwa kiranja wetu mkuu, na hata sasa, akiwa na wajukuu, anaongea kama mtu anayepanga zamu za kufagia bwalo. Nikamuuliza bweni linapewa jina la Mkuu kwa lipi. "Kwa usafi," akasema. "Hukumbuki? Tulichukua kikombe cha mkoa." Nikamwambia nakumbuka. Nikamwambia nitaandika. Simu ilipokatika nikakuta ungo umeniponyoka, maharage yametapakaa sakafuni, nami nimesimama juu yake. Sikuyaokota mpaka jioni.

Basi naandika. Sitasema nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa watu wa namna gani, hayo hayahusiki. Nasema mwaka mmoja tu, nilipokuwa kidato cha tatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vya Uganda vimekwisha lakini sabuni haijarudi madukani. Shule yetu ya wasichana ilikuwa juu ya kilima upande wa Karatu. Ukisimama nyuma ya jiko unaona mashamba ya ngano yanavyoshuka, kisha makorongo, kisha nchi inaporomoka kuelekea Baray, na siku za ukavu unaona mstari mweupe wa Ziwa Eyasi kama mtu ameanika shuka mbali sana. Tulikula ugali wa unga wa njano tuliouita Yanga, na maharage yenye wadudu waliochemka vizuri. Nilikuwa msichana asiyesema. Mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua, nasimama, nakaa chini, mwingine analisema. Nilichokuwa nacho ni daftari, nalo lililala ndani ya godoro, kwenye mshono niliofumua kwa wembe. Humo nilisema kila kitu. Sasa hivi liko mezani mbele yangu, linanuka panya kidogo, na mwandiko ni ule ule.

Chini ya shule, mwendo wa dakika tano, kulikuwa na mabwawa matatu ya kusafishia majitaka. Yalijengwa na mradi wa wafadhili, kwa sababu shule ilikuwa na wasichana wengi na vyoo vya kuvuta maji, na maji yale yote yasingeweza kuachwa yateremke hivi hivi kwa watu walioko bondeni. Wafadhili waliondoka na magari yao. Walichoacha ni mabwawa, na mtu mmoja wa kuyaangalia, mzee aliyewabebea mawe tangu siku ya kwanza na kuuliza maswali kuliko wote. Jina lake Boay. Sisi Wairaqw tulimwita Aako, kama tunavyowaita babu zetu, na wasichana waliotoka mbali nao wakafuata, wakidhani ndilo jina. Aako Boay hakujua kusoma. Lakini mradi ulikuwa umeacha sharti kwamba hali ya mabwawa iandikwe kila siku kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, na mlinzi atie sahihi. Ikabidi atafutwe mwanafunzi wa kuandika. Kila mmoja wetu alikuwa na kazi yake ya kujitegemea, huyu bustani, huyu nguruwe, huyu kuni. Kazi ya mabwawani hakuna aliyeitaka. Nilipewa mimi, kwa sababu sikujua namna ya kukataa, na kuanzia siku hiyo bweni zima likaniita Katibu wa Mavi.

"Katibu, leo kikao kimekwendaje?" wananiuliza nikirudi, wameshika pua. "Wajumbe walitimia?" Nashipae peke yake ndiye hakushika pua. Alikuwa rafiki yangu, msichana mrefu kutoka Endulen, binti wa wafugaji, na kwao kinyesi cha ng'ombe kilikuwa ukuta wa nyumba na sakafu. "Nyie mnaona aibu kitu mnachokitoa wenyewe," aliwaambia siku moja bwaloni, huku anakula.

Aako Boay aliyasoma maji kwa rangi. Alikuwa na sahani ya bati nyeupe iliyobanduka rangi pembeni, ametoboa katikati na kuifunga kamba yenye mafundo, fundo kila shubiri. Aliizamisha taratibu mpaka isionekane, kisha anahesabu mafundo yaliyolowa. "Bwawa la kwanza hudhurungi, kama kawaida. La pili kijani, shubiri moja. La tatu shubiri mbili. Andika." Naandika mstari mmoja, mara nyingine miwili. Anafungua kikopo cha wino, anapiga dole gumba pembeni, analifuta kwenye majani. Siku za mwanzo niliona kijani kile cha bwawa la pili kuwa ndio uchafu wenyewe, kizito kama supu ya mchicha. Siku moja akaniona ninavyokunja uso. Akachota kwa kiganja. "Unaona haya? Haya ni majani, ila madogo, hayana mizizi. Yakipata jua yanatoa hewa, na ile hewa ndiyo inayokula uchafu. Fundi alinionyesha kwenye chupa, mapovu yanapanda. Kijani kikifa, bwawa limekufa. Utajua kwa vyura. Vyura wakinyamaza, kimbia ukamwambie mkubwa wako."

Karibu na mabwawa alikuwa na kibanda cha kupumzikia, cha udongo, chenye mlango wa kuinama. Ndani mafiga matatu, benchi, sufuria, na koti lake limetundikwa msumarini, koti refu la kijeshi la kijivu alilopewa na nani sijui. Alinichemshia boga, au makande ya mahindi meupe yaliyokobolewa na mkewe, Bibi Emiliana, akayatia magadi kidogo yalainike. Nilikula pale vizuri kuliko bwaloni. Mbele ya mzee yule sikuhitaji kusema. Alikuwa anasema yeye, kuhusu miaka aliyofanya kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, jinsi walivyopulizia mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua ukungu, kwenye miti mpaka mate yakawa ya kijani, na jinsi nyapara alivyokataza kondoo wasipite chini ya kahawa. "Mbuzi ana roho ngumu. Kondoo akionja mrututu, hana siku nyingi." Niliyaandika hayo kwenye daftari langu la godoro. Tarehe ninayo. Ni miezi minne kabla ya haya ninayotaka kusema.

Kisha likaja shindano la usafi wa shule. Mkuu alilitangaza bwaloni tukiwa tumeshika vikombe vya uji. Alikuwa mtu wa suti safi ya mikono mifupi na leso iliyopigwa pasi, na sitaki kusema alikuwa mtu mbaya tangu kuzaliwa, kwa sababu alifundisha hesabu vizuri na alituletea sabuni mara moja kutoka Arusha kwa gari lake mwenyewe. Alipenda vitu vinavyoonekana. Tulipaka mawe chokaa, tukapaka miti chokaa mpaka kiunoni, tukafagia hata njia ya ng'ombe. Siku tatu kabla ya wageni kufika, akashuka mabwawani na wazee wawili wa kamati ya shule. Mimi nilikuwa pale na daftari jeusi. Akasimama kwenye bwawa la pili, akaweka leso puani. "Hii ni aibu," akasema. "Wageni wanatoka mkoani kuangalia usafi, wakute maji ya kijani kama tope la fisi?" Aako Boay akavua kofia. "Mwalimu, hicho kijani ndicho kinachofanya kazi. Kikitoka, maji yanaoza." Mkuu akawageukia wale wazee akicheka. "Mzee wetu Boay siku hizi ni mhandisi. Ulisoma chuo gani, Mzee?" Wale wazee wakacheka. Aako naye akatabasamu, kwa heshima, kofia mkononi. Mkuu akaniona. "Wewe binti, umesoma baolojia. Maji safi yana rangi gani?"

Nilijua. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kila siku kwa miezi mingi, neno kijani, na kila siku vyura waliimba na maji yakatoka upande wa pili hayana harufu. "Hayana rangi, Mwalimu," nikasema. "Umesikia," akamwambia Aako.

Kesho yake trekta lilileta magunia manne ya mrututu kutoka kwenye shamba la kahawa la jirani, chenga za buluu zinazong'aa kama chupa iliyovunjika. Aako Boay alikataa kushika hata koleo. Alisimama kwenye mlango wa kibanda chake, mikono nyuma. Tukafanya sisi, kidato cha tatu wote, tumepanga mstari na ndoo, tunakoroga kwa fimbo na kumwaga. Mikono yetu ikawa ya buluu mpaka kwenye vifundo. Tulicheka, nisidanganye, nami nilicheka, ilikuwa kama sikukuu. Magunia yalipokwisha wasichana wakayakung'uta na kuyatupa korongoni. "Msitupe huko," Nashipae akasema. "Kondoo watalamba. Kondoo analamba chochote anachodhani ni chumvi." Anjela akamjibu bila kugeuka, "Wewe Mmasai, hata mbinguni utauliza kondoo wako wapi." Wote wakacheka. Anjela, naliandika kama lilivyo daftarini. Ukitaka nitakuonyesha.

Siku ya wageni bwawa la pili lilikuwa buluu. Kweli lilipendeza, nalo ndilo jambo linalonitia hasira kuliko yote, kwamba lilipendeza. Mgeni mmoja alipiga picha. Mwingine alisema hajaona majitaka ya namna hii hata Ulaya, watu wakapiga makofi. Aako Boay hakuwepo. Asubuhi Mkuu alimtumia mtu amwambie akae nyumbani siku mbili, asionekane na lile koti lake, linanuka. Kwa hiyo daftari jeusi siku zile mbili niliandika peke yangu, pasipo dole: "La pili buluu. Mlinzi ameambiwa na Mkuu asije." Kikombe tulikipata. Kiliwekwa kwenye kabati la kioo ofisini, na bado kipo, nimesikia kitabebwa mbele siku ya kuzindua bweni.

Vyura walinyamaza. Nilikwenda nikasimama, nikasikiliza, hakuna hata mmoja. Baada ya siku nne buluu ikaanza kuwa kahawia, baada ya wiki ikawa nyeusi, na mapovu makubwa ya polepole yakawa yanapanda kama ugali unaochemka. Aako aliporudi alizamisha sahani, ikapotea hata kabla ya fundo la kwanza. Akaenda kwenye lango la mbao lililo kati ya bwawa la pili na la tatu, akalishusha, akaligonga na jiwe mpaka likaziba, akapakaza udongo. "Hayatoki haya," akasema. "Yatakaa hapa mpaka kijani kirudi, hata miezi miwili. Shule wapunguze maji. Andika hivyo." Nikaandika hivyo. Akapiga dole.

Lakini nyumba ya Mkuu ilikuwa upande upepo unakoelekea. Harufu iliingia mpaka mezani kwake, mke wake akahamia kwa dada yake. Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana nilikuwa natoka bustanini na mchicha, nikaona viranja watatu wako kwenye lango, wanalivuta kwa kamba. Anjela ndiye aliyekuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, vuta. Lango likang'oka. Maji yale meusi yakapita bwawa la tatu kama halipo, yakaingia korongoni, na korongo linaingia kwenye kijito ambacho wanawake wa chini walifulia na kuchota. Jioni Anjela alisema bwaloni, kwa sauti ya kawaida, "Mkuu kasema yateremke, yatajisafisha njiani." Nilifungua mshono wa godoro nikaandika. Kisha nikala ugali wangu.

Kondoo walitangulia. Watu walidhani ni ugonjwa wa kupe. Aako Boay alikwenda akawaona, akafunua kope zao, zilikuwa njano, na mkojo wao ulikuwa mwekundu kama damu. Akauliza, "Mbuzi je?" Wakamwambia mbuzi wazima. Aliporudi kibandani alikaa kwenye benchi akaniambia, "Kondoo wamekufa kwa magunia. Hilo nalijua. Lakini maji yale mengine yataua kitu kingine." Wiki iliyofuata watoto wa bondeni walianza kuharisha. Walibebwa kwenye gari la misheni kupelekwa hospitali. Walirudi wote isipokuwa Yuda, mtoto wa mama aliyekuwa anatuletea maziwa jikoni, mtoto wa miaka miwili aliyezoea kukaa kwenye ndoo tupu wakati mama yake anapima. Siku aliyokuja mama yule bila mtoto, wapishi waliinamia masufuria yao. Alipima maziwa, akaondoka, na ndoo ile ya pili alikuwa nayo bado, tupu.

Halmashauri ya kijiji ikamwita Bwana Afya, aje achunguze nani amechafua maji. Mkuu akaniita ofisini na daftari jeusi. Kulikuwa na meza yenye kitambaa, na chai ya maziwa yenye sukari kweli kweli, na mkate uliopakwa siagi, vitu nilivyokuwa sijavionja tangu mwaka uanze. "Kaa, binti yangu. Kunywa." Nilikunywa. Alisoma kurasa zangu polepole, akasifu mwandiko. Alipofika ule mwezi akakata ukurasa kwa rula, vizuri, usichanike, akauweka mfukoni. "Huu umechafuka wino," akasema. Haukuwa umechafuka. "Utaandika upya. Mrututu hauna haja, ile ilikuwa dawa ya maji. Andika kwamba mlinzi hakuwepo kazini. Kwani si kweli hakuwepo?" Nikasema ni kweli hakuwepo. "Siku ngapi?" Mbili. "Andika siku tano, kuna siku nyingine hukumwona wewe. Na lango lilikutwa wazi. Kwani halikukutwa wazi?" Akanimiminia kikombe cha pili. "Marselina, wakisema ni shule, shule itafungwa. Ninyi wote mtarudi nyumbani, na unajua mkirudi nyumbani mtaolewa. Yule ni mzee, ana shamba lake, ana ng'ombe wake. Yeye atapoteza nini?"

Nikaandika. Alinisomea maneno, nami nikayaweka kwa mwandiko mzuri, mstari baada ya mstari, maelezo marefu ya ulevi na uzembe na onyo alilopewa ambalo hakupewa, mpaka ukurasa ukajaa. Mkate niliumaliza. Hilo nalo liko kwenye daftari langu: "Nimekula vipande vitatu."

Kisha nikapeleka daftari kibandani apige dole. Alikuwa anatengeneza kamba ya sahani. "Ni la mwezi ule?" akauliza. "Mkuu amesema liandikwe upya, lilichafuka," nikasema. "Umeandika nini?" Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiko nilikokuwa hodari. Siku hiyo nikasema. "Kama kawaida, Aako." Akautazama ukurasa kwa muda, juu mpaka chini, kama anavyotazama maji. Akafungua kikopo, akapiga dole. Akanikatia boga. Nikamwambia nimeshiba.

Kikao kilifanyika kwenye darasa la kidato cha nne, saa nane mchana, watu wamejaa mpaka madirishani. Aako Boay alikuja amenyoa ndevu, koti lake limefuliwa, akakaa mbele amenyooka. Niliona hilo nikashangaa. Alikuwa kama mtu aliyekuja kuchukua zawadi. Bwana Afya, kijana aliyefika na pikipiki na vumbi lake, akamuuliza ana la kusema. "La kusema lipo kwenye daftari," Aako akasema. "Mimi sijui kusoma. Someni, nami nitakubali, dole langu liko pale." Bwana Afya akasoma. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno. Mlinzi hayupo. Mlinzi amelewa. Mlinzi ameonywa. Lango liko wazi. Nilimwona Aako Boay akianza kugeuza kichwa, polepole, anatafuta. Aliniona kwenye kona na wanafunzi wenzangu. "Binti," akasema, "ndivyo ulivyoandika?"

Watu wote waligeuka. Mama Yuda aligeuka. "Ndiyo, Aako," nikasema, na sauti yangu siku hiyo ilitoka safi kabisa.

Akarudisha uso mbele. "Basi kama ni yeye ameandika," akamwambia Bwana Afya, "siwezi kusema daftari linadanganya. Mimi ndiye niliyesema daftari lisikilizwe." Nashipae alisimama kutaka kusema habari za magunia, mwalimu wa zamu akamshika bega akamkalisha.

Alifukuzwa kazi. Alilipa kondoo wa watu kwa mitamba yake miwili. Na hayo yote yangekwisha, kama si lile lililofuata. Kwetu, mtu akihesabiwa kwamba kifo kimemgusa kwa makosa yake, hutengwa, na kitu cha kwanza anachotengwa nacho ni maji. Haruhusiwi kuchota na wenzake. Padri alikemea, lakini padri alikuja mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mtu pekee katika nchi ile aliyejua namna maji yanavyotakata ndiye aliyekatazwa chemchemi. Bibi Emiliana alishuka na punda mpaka njia ya Baray kutafuta maji, anaondoka umande haujakauka, anarudi jua kali, na sisi tukitoka kuokota kuni tulimpita njiani. Wasichana walimpisha wasiguswe na dumu lake. Nilimpisha na mimi. Mkuu alihamishwa kwa kupandishwa cheo. Mimi nilifaulu kidato cha nne, nikawa mwalimu, nikastaafu mwalimu. Shule haikufungwa. Ninayo haki ya kusema hivyo? Haikufungwa, na wasichana wengi walisoma, na bado namwona Mkuu anavyoikata ile karatasi kwa rula, bila haraka, mtu anayejua kwamba mtoto anayeogopa ni kalamu tu. Alinichagua kwa kuwa sikuwa na sauti. Ninamkasirikia kwa hilo leo kuliko nilivyojua kumkasirikia wakati ule, na hasira ikimwisha yeye inanirudia mimi, kwa sababu sauti nilikuwa nayo. Mbele ya Aako ilitoka mara mbili, na mara zote mbili ilidanganya kwa faida ya Mkuu.

Baada ya simu ya Anjela nilipanda gari mpaka Karatu. Mji umejaa magari ya watalii na mabango ya kambi, nikashukia njia panda nikatembea. Aako alishafariki siku nyingi. Bibi Emiliana yupo, macho yameingia ukungu, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Uani kuna bomba. Nilikaa kwenye kigoda nikapukuchua naye, mpaka debe likafika nusu, ndipo nikamwambia mimi ni nani, na nikamwambia kwenye ukurasa ule niliandika nini, na kwamba mumewe aliponiuliza nilimjibu nimeandika kama kawaida. Nilitegemea kwamba anajua. Nilitegemea anifukuze.

Mikono yake ilisimama. "Kumbe ndivyo," akasema. Kisha akasema, "Siku ile ya dole alirudi anacheka. Mume wangu hakuwa mtu wa kucheka njiani. Nikamuuliza, una nini wewe? Akasema, yule mtoto asiyesema leo ameandika. Siku zote anaandika mstari mmoja au miwili. Leo ukurasa umejaa mpaka chini, dole langu limekosa mahali nimelibandika pembeni. Ameandika yote, mama, mrututu na lango na majina yao. Sasa waniite." Akachukua gunzi lingine. "Akaniomba nimfulie koti. Nikamfulia. Lilikauka upesi, kulikuwa na jua."

"Na baada ya kikao alisemaje, Bibi?"

"Alisema tu, mtoto aliogopa. Mimi nikadhani uliogopa kusoma mbele za watu. Sikujua ni hili." Akaendelea kupukuchua. Hakunifukuza wala hakunikaribisha chai. Nilipoondoka alikuwa anapapasa chini kutafuta punje zilizoruka.

Anjela, hizi ndizo kurasa ulizoniomba, na nitazisoma mwenyewe siku hiyo, kabla kitambaa hakijavutwa kwenye lile jina. Ukiniondoa kwenye ratiba nitasimama hivyo hivyo. Nimeuandika ule ukurasa kwa mara ya tatu. Unasema hivi: La pili buluu. Tumemwaga mrututu magunia manne, sisi kidato cha tatu, kwa amri ya Mkuu wa shule. Mlinzi alikataa. Mlinzi aliamriwa asije siku mbili. Vyura wamenyamaza. Mlinzi amefunga lango. Viranja wamelifungua kwa amri ya Mkuu, Anjela akihesabu. Mwandishi aliona yote. Umejaa mpaka chini, isipokuwa pembeni, ambako nimeacha nafasi ya dole.